Maswali yenu: mjane, maksai na zaka ya viazi

Tangu niandike juu ya safari ya Wamormoni, waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, kuhamia Utah, magharibi ya Marekani, barua zimemiminika. Nimechagua chache.

Hawa si ndio wanaooa wake wengi?

Walikuwa. Kanisa lilitangaza kusimamisha ndoa hizo mwaka 1890, na leo muumini anayeoa mke wa pili juu ya wa kwanza anafukuzwa. Hili nimelijibu mara nyingi mno. Someni ya nyuma kabla ya kuandika.

Ni kweli wote walivuka Marekani wakisukuma mikokoteni?

Hapana. Kati ya watu kama 70,000 waliosafiri kuanzia 1847 hadi reli ilipofika mwaka 1869, wa mikokoteni walikuwa kama 3,000. Wengi walitumia magari ya kukokotwa na maksai. Mikokoteni inakumbukwa kwa msiba wa 1856: misafara ya Willie na Martin ilichelewa kuondoka, theluji ikaikuta Wyoming mwezi Oktoba, na waliokufa walizidi 200. Levi Savage alikuwa amesimama mbele ya wenzake akawaambia wasiende, msimu umekwisha. Hawakumsikia, naye akaenda nao. Wajukuu husimulia imani ya waliokufa. Mimi ningependa wawataje pia viongozi waliosema twende tu.

Nimesikia kuna mjane wa Kimormoni aliyeombea ng'ombe aliyekufa akafufuka. Kuna ukweli?

Hakufa, alianguka. Mjane mwenyewe ni Mary Fielding Smith, Mwingereza aliyehamia Kanada, kisha akaolewa na Hyrum Smith, kaka yake Joseph Smith aliyeanzisha kanisa. Ndugu hao wawili waliuawa kwa risasi katika jela ya Carthage, Illinois, tarehe 27 Juni 1844.

Mwaka 1848 Mary akafunga safari na watoto, wa kuzaa na wa kambo. Kiongozi wa msafara, Cornelius Lott, akamwambia arudi, maana atakuwa mzigo kwa wenzake. Akajibiwa kwamba mjane huyu atafika kabla yake, na msaada wake hatauomba. Njiani maksai mmoja akalala chini, miguu imekakamaa. Mary akatoa chupa ya mafuta, wanaume wawili wakampaka mnyama kama apakwavyo mgonjwa, wakaomba, maksai akanyanyuka. Na kweli, mama akamtangulia Lott kufika bondeni, yaani bonde la Salt Lake, Utah, mwisho wa safari.

Aliyekuwa akiswaga maksai hao ni mwanawe Joseph, mwenye miaka 9. Baadaye, walipofukua shimo la viazi, mama alimwagiza apakie vile vizuri kabisa, wakavipeleka ofisi ya zaka. Karani akamwonea huruma: mjane kama wewe, zaka ya nini? Mama akamjia juu: unataka kuninyima baraka?

Mary alifariki mwaka 1852. Mtoto huyo, Joseph F. Smith, akaja kuliongoza kanisa zima kuanzia 1901 hadi 1918, na mwanawe, Joseph Fielding Smith, akaliongoza kuanzia 1970.

Sasa tuelewane. Habari hizi tunazo kwa kinywa cha mtoto, akizisimulia ukubwani. Lott alikufa mwaka 1850, hakupata nafasi ya kujitetea. Sisemi mtoto alidanganya. Lakini imani ya mama haikuwafikia wajukuu kwa damu, ilibebwa na hadithi, na aliyeibeba alikuwa upande mmoja. Kila nikisikia ukoo ukimsifu babu shujaa huwa nauliza: Lott wenu ni nani?

Watu weusi hawakuwemo safarini. Basi yanatuhusu nini?

Nani kakwambia? Green Flake, aliyekuwa mtumwa, aliingia bondeni Julai 1847 pamoja na kundi la kwanza. Jane Manning James, mwanamke huru wa Connecticut, alifika Septemba mwaka huohuo. Huko nyuma, mwaka 1843, yeye na ndugu zake walikataliwa kupanda meli huko Buffalo, wakatembea kwa miguu hadi Nauvoo, mji wa Wamormoni huko Illinois, kama kilomita 1,300. Viatu viliisha, nyayo zikapasuka, wakawa wanaacha alama za damu ardhini.

Mwaka 1852 Brigham Young, aliyeliongoza kanisa baada ya Joseph Smith, akatangaza kwamba watu weusi hawapewi ukuhani. Jane akaomba miaka na miaka aruhusiwe ibada kuu za hekaluni. Jibu lilikuja mwaka 1894: aliunganishwa na marehemu Joseph Smith kama mtumishi, milele. Na hata kuingia kuishuhudia ibada yake hakuruhusiwa, mwanamke mwingine alisimama badala yake. Aliyesimama kwa niaba ya marehemu alikuwa nani? Joseph F. Smith. Yule mtoto wa viazi, aliyemsikia mama yake akimkaripia karani kwa kutaka kumnyima baraka.

Jane alifariki mwaka 1908, marufuku ikaondolewa 1978. Leo kuna mahekalu Kinshasa na Nairobi, na kwangu mimi wanaoingia humo wana haki ya kumwita Jane bibi yao.

Wanatunza nasaba za dunia nzima. Nitawapata mababu zangu?

Tovuti yao ya nasaba, FamilySearch, ni bure, jaribu. Wanakusanya kwa sababu hubatiza kwa niaba ya marehemu, kwa hiyo fahamu unachokiandika humo. Ila anza na shangazi yako aliye hai. Na ukoo usiupeleke Shirazi kwa vile tu jirani zako wamefika huko.

Wanakunywa kahawa?

Hapana, wala chai ya majani. Maswali ya vinywaji yapelekwe kwa mwenzangu wa mapishi.