Mbwa na boti ya matanga

SWALI: Tunataka kuingia mji wa bandari wa nchi jirani kwa boti na mbwa wetu, tujipangeje?

JIBU: Kwanza msimshushe kabla hamjaruhusiwa, pandisheni bendera ya njano (ishara ya kuomba ruhusa ya kuingia) mngoje maafisa, cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa kiwe karibu (Umoja wa Ulaya wanataka chipu ya utambulisho chini ya ngozi na chanjo ya kwanza iliyotimiza siku 21). Ila kazi hasa ni haja zake, mbwa wengine wanagoma kabisa kukojoa botini, wanabana masaa na masaa, so mzoesheni mapema kwenye kipande cha nyasi bandia. Jaketi la kuokolea liwe na mpini mgongoni ndo mtamvutia hapo akidumbukia. Gatini mfungeni kamba, na mchana lami inaunguza nyayo.