Sensa tatu za oksijeni zilikufa kabla sijalitazama bomba la moshi

Sensa ya kwanza ilipokufa nilinunua nyingine siku hiyohiyo. Ya pili ikafa baada ya miezi minne, nikaamini nimeuziwa bandia. Ya tatu haikumaliza wiki sita. Hapo ndipo nilipoacha kutoa pesa nikaanza kuuliza: kuna nini ndani ya gari hili kinachoziua?

Nazungumzia sensa ya oksijeni ya waidibendi, ile inayokuambia uwiano wa hewa na mafuta kwa tarakimu kamili, si ile ya zamani inayojua tu kama mafuta yamezidi au yamepungua. Ni kifaa kizuri mno kwa anayerekebisha injini yake mwenyewe, lakini ni dhaifu kuliko kinavyoonekana. Ganda lake la chuma linadanganya. Ndani kuna kipande chembamba cha kauri ya zirkonia chenye hita yake, na kwa sensa za Bosch LSU 4.9, ambazo zimeenea sana, hita hiyo huipandisha kauri hadi nyuzi 780 hivi za Selsiasi. Bila joto hilo haisomi chochote.

Sasa fikiria chungu kilichotoka motoni, kingali chekundu, halafu kinamwagiwa maji baridi. Hicho ndicho kilichokuwa kikiipata kila sensa niliyofunga.

Maji yanatoka wapi? Yanatoka kwenye petroli yenyewe. Lita moja ya petroli ikiungua huzalisha maji yanayokaribia lita moja, na bomba likiwa baridi mvuke huo hugeuka matone. Ndiyo maana asubuhi gari hudondosha maji nyuma. Bomba likishapata moto maji huondoka kama mvuke na hayana madhara. Hatari iko katika dakika zile za mwanzo.

Mimi nilikuwa nimekosea mara mbili. Kwanza, tundu la sensa nililichomelea ubavuni mwa bomba, likiwa limeinamia chini kidogo, kwa sababu hapo ndipo mkono ulipofika kwa urahisi. Maji yalikuwa yakituama humo. Sensa inatakiwa iingie kutoka juu: ukilitazama bomba kama uso wa saa, iwe kati ya 10 na 2, ncha ikielekea chini ili tone lisikae. Kiwango cha chini kabisa ni kuinuka nyuzi 10 juu ya usawa wa bomba.

Kosa la pili lilinichukua muda kuligundua. Boksi la kusomea, yaani kidhibiti kinachoendesha hita na kusoma namba za sensa, nililipa umeme kutoka waya unaowaka mara tu unapozungusha ufunguo, hata kabla ya kupiga stata. Nami nilikuwa na tabia ya kukaa ufunguo ukiwa umewashwa, kompyuta mapajani, nikipitia ramani ya mafuta, yaani jedwali linaloiambia injini kiasi cha mafuta cha kumwaga, kwa dakika kumi au zaidi. Muda wote huo hita inachemka. Halafu nawasha injini, na upepo wa kwanza wa moshi unasukuma maji yote ya baridi juu ya kauri yenye moto mkali. Kompyuta za magari kutoka kiwandani hulijua jambo hili. Hungoja bomba likauke ndipo ziipe hita nguvu yote. Boksi unalofunga mwenyewe huenda lisingoje. Niliongeza rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme, inayoamshwa na waya wa pampu ya mafuta, yenye fyuzi yake. Pampu hujaza mafuta sekunde chache ufunguo unapowashwa, kisha hutulia mpaka injini izunguke, kwa hiyo hita haipati nafasi ya kuchemka peke yake.

Usije ukaruka upande wa pili, ukaiacha sensa kwenye bomba ikiwa haina umeme huku injini inafanya kazi. Isipokuwa na moto haiwezi kuunguza masizi, na masizi huiziba. Ukiondoa boksi, toa na sensa, kisha ziba tundu kwa bolti yake.

Baada ya marekebisho hayo sensa ya nne ilidumu. Furaha yangu ilikoma pale namba zilipoanza kuhama polepole. Niliifungua nikaona ncha imepakwa weupe kama chokaa. Maji ya rejeta yalikuwa yakipungua kidogo kidogo, nami nilikuwa najaza tu bila kujiuliza. Gasketi ya silinda hedi ilikuwa inavuja ndani, na silikati, kemikali zilizomo kwenye dawa ya maji ya rejeta (kulanti), zilikuwa zikiganda juu ya sensa. Gundi ya silikoni isiyo salama kwa sensa, ile ya kuzibia gasketi, huacha weupe wa aina hiyo pia. Weusi mkavu kama wa chungu cha kuni maana yake mafuta yamezidi. Injini inayokula oili nayo huacha utando wake, kwa kuwa fosforasi na zinki za oili haziungui zikaisha.

Kwa hiyo usiitupe sensa iliyokufa. Nasikitika kwamba zile tatu nilizitupa. Zingeniambia yote haya mapema.

Pia hakikisha kweli imekufa. Tundu dogo kwenye bomba kabla ya sensa huvuta hewa ya nje, ukasoma kwamba mafuta ni machache wakati yapo sawa. Plagi moja isiyochoma hufanya vilevile, maana oksijeni ya silinda ile hupita bila kutumika. Kwa LSU 4.9, pima hita kwa mita ya omu kati ya waya mweupe na wa kijivu, sensa ikiwa baridi: utapata karibu omu 3. Mita isipoonyesha muunganiko wowote, hita imekatika. Ikionyesha sawa, usifurahi bado, kwa sababu kauri inaweza kuwa na ufa huku hita ni nzima.

Na tafadhali usikate kiunganishi cha sensa ili urefushe waya. Ndani yake kuna kizuizi kidogo cha umeme (rezista) kilichopimwa kiwandani kwa ajili ya sensa ileile. Refusha upande wa boksi.

Gasketi nimeshabadilisha. Sensa ya tano nitaifunga pale rejeta itakapokaa wiki mbili bila kupungua hata tone.