Skolashipu ya nje ya chuo ikiingia, soma kwanza barua ya chuo

Hii nawaandikia hasa mlioko Marekani, wenye green card au mliokuja kama wakimbizi, maana watoto wenu wenye hadhi hiyohiyo wanaruhusiwa kujaza FAFSA (fomu ya kuomba msaada wa masomo) na kupata hela ya serikali.

Mdogo wangu alipata skolashipu ya dola 3,000 kutoka taasisi moja ya mtaani kwetu, nyumbani ni vigelegele, mama kashapiga simu mpaka Tanga. Baadaye chuo kikatuma barua mpya ya msaada. Nikailinganisha na ile ya kwanza mstari kwa mstari: Pell Grant (ruzuku ya serikali kuu kwa wanafunzi wa kipato cha chini, hairudishwi) iko palepale, mkopo wa serikali dola 5,500 uko palepale, ila ruzuku ya chuo chenyewe imeshuka dola 3,000 kamili! Yaani mtoto kahangaika na insha usiku kucha halafu aliyepunguziwa mzigo ni chuo, sisi tunalipa kilekile.

Inauma ila sio wizi. Kanuni za serikali kuu zinasema msaada unaotolewa kwa ajili ya uhitaji, ukijumlisha na skolashipu za nje, usizidi uhitaji wa mwanafunzi (yaani gharama za mwaka ukitoa kile familia inachokadiriwa kuweza kuchangia), na jumla ya kila kitu isizidi gharama za mwaka ambazo chuo kimekadiria. Ikizidi lazima kitu kikatwe. Sasa kikatwe kipi, hapo mara nyingi chuo ndo kinaamua, kuna vinavyoanza na mkopo na zile kazi za chuoni za kulipwa zinazohesabiwa kama msaada (hapo umefaidika kweli) na kuna vinavyokimbilia ruzuku yao.

Kwa hiyo uliza, na uliza kwa imeili ili majibu yabaki kwenye maandishi. Sisi hatukulalamika, tuliuliza tu sera yao inaanza kukata wapi, na kama wanaweza kukata kwenye mkopo badala ya ruzuku. Wakakubali, mkopo ukashuka mpaka 2,500 na ruzuku ikarudi.

Wakigoma bado kuna njia. Muombe mfadhili agawe hela kwa miaka miwili au aisogeze mwaka ujao, wengi hawana shida. Kama mtoto kanunua laptop, peleka risiti uombe chuo kikadirie upya gharama zake za mwaka, kiwango kikipanda nafasi ya msaada inaongezeka. Angalia na sheria za jimbo pia, Maryland ilianza mwaka 2017 kubana vyuo vya umma visikate ovyo, na California nayo ina sheria inayowalinda wanafunzi wa Pell Grant.

Kuna watu watakwambia kaa kimya usiripoti. Usiwasikilize jamani, mara nyingi cheki inatumwa chuoni moja kwa moja, watajua tu, halafu katikati ya mwaka unadaiwa hela ulishatumia.

Na kodi msisahau, skolashipu ikilipia ada na vitabu vya lazima haikatwi, ila ikienda kwenye chumba na chakula hiyo inahesabika kama kipato, kwa hiyo tunzeni risiti.