Jibu: Jarida la shule la kurasa 30 limerudishwa na mpiga chapa

Habari mkuu. Umesema jarida lenu lina kurasa 30 na mpiga chapa amelirudisha. Angalia kwanza hesabu ya kurasa: jarida la kubanwa pini katikati hutokana na karatasi zilizokunjwa, na kila karatasi hutoa kurasa 4. Kwa hiyo ni 28 au 32, jalada likiwemo. Mimi ningeenda 32, maana nafasi ya picha za wahitimu haijawahi kutosha.

Halafu someni maelezo ya picha kwa sauti, kidole kikiwa kwenye sura. Letu liliwahi kutoka na "kuanzia kushoto" ilhali picha imegeuzwa. Mwalimu mkuu akawa nahodha wa netiboli. Ujumbe wa mwalimu mkuu wenu pia, mwombeni aufupishe kabla hamjapanga ukurasa.