Maswali yenu kuhusu zile nyumba za vioo za Chatsworth

Tangu nitaje nyumba za vioo za kuoteshea mimea ya nchi za joto za Chatsworth, lile jumba la maduke (makabaila wakubwa) wa Devonshire kule Derbyshire, Uingereza, maswali yamemiminika. Nimechukua manne.

Hivi walioteshaje migomba na baridi yote ile, tena umeme hakuna?

Makaa ya mawe, ndugu yangu. Ile nyumba kubwa ya vioo, kazi ya Joseph Paxton, mtunza bustani mkuu wa duke, ilianza kujengwa 1836, urefu mita 84, upana mita 37, na chini yake kulikuwa na boila nane zinachemsha maji, yanazunguka kwenye mabomba ya kama kilomita 11. Sasa duke hakutaka wageni waone makaa wala moshi, basi makaa yakawa yanaletwa kwa reli ndogo ndani ya handaki, moshi nao unapitishwa chini kwa chini mpaka mbali huko msituni. Yaani mgeni anaingia anakutana na joto kama la Tanga, hajui kuna mtu huko chini kajaa masizi toka asubuhi. 1843 Malkia Victoria alipitishwa humo ndani na gari la farasi, taa 12,000 zinawaka!

Eti jina la ndizi za Cavendish limetoka huko? Maana mimi nimepanda Grand Nain.

Ndiyo, Cavendish ni jina la ukoo wa hao maduke. Mche ulitokea Mauritius, ukatoa ua pale Novemba 1835, ila asili yake ni Asia, hao walichangia jina na matunzo. Kwa hiyo dada, ile Grand Nain ya tishu kalcha (miche ya maabara) uliyopanda ni ukoo huohuo. Mkono wa tembo hapana, huo haumo kabisa.

Huyo Paxton alisomea uhandisi?

Wapi! Mtoto wa mkulima tu. Alipewa kazi ya mtunza bustani mkuu 1826, akiwa na miaka 22, na mwenyewe alisimulia kwamba alifika saa kumi na nusu alfajiri, geti limefungwa, akaruka ukuta, akazunguka bustani yote, saa kumi na mbili akawapanga vibarua kazini, na kufika saa tatu keshampenda binti mmoja mle ndani, Sarah, wakaja kuoana. Baadaye, 1849, akaotesha yungiyungi kubwa la Amazon, akamsimamisha mwanawe Annie juu ya jani na jani halikuzama. Ukiligeuza unaona mbavu nene zimetoka katikati zikashikana na nyembamba, kama kenchi za paa. Nyumba zake za vioo za baada ya hapo zikafuata hesabu hiyo, mpaka lile jengo la maonyesho la London la 1851, Crystal Palace.

Ile nyumba kubwa ya vioo ya Chatsworth bado ipo nikaitembelee?

Haipo, na inaniuma kweli. Vita ya Kwanza ilipokuja makaa yakakosekana, watunza bustani wengi wakaenda vitani, mimea ikafa kwa baridi, na 1920 wakailipua kwa baruti. Kuta za msingi zimebaki, ndani yake wamepanda miti iliyopangwa kama vichochoro vya kuchezea, watu wanapotea humo. Ila lile handaki la makaa lipo, mimi ningeanzia hapo.