Maswali Yenu ya Mieleka: Mtazameni Anayepigwa

Safari hii karibu kila ujumbe unazungumzia mieleka ya zamani, ile ya mikanda mipana ya dhahabu na makoti ya kung'aa. Nimefurahi mno. Nimechagua maswali yaliyorudiwa na wengi, na mengine mawili matatu yaliyonigusa mwenyewe.

Mimi na wenzangu tunabishana kila siku. Wao wanasema pambano kubwa la WrestleMania III ni Hogan na André. Mimi nasema ni Savage na Steamboat. Tuamulie.

Kwa ubora wa mchezo umeshinda wewe, tena kwa mbali. Ila wenzako nao wana hoja, kwa hiyo nivumilie kidogo.

WrestleMania ni onyesho kubwa la kila mwaka la WWF, kampuni ya mieleka ya Marekani ambayo leo inaitwa WWE. Hilo la tatu lilikuwa Machi 29, 1987, Pontiac Silverdome, Michigan. Idadi ya watu iliyotangazwa ni 93,173, na mpaka leo wapo wanaoipinga. Wengi walikwenda kumwona Hulk Hogan na André the Giant. Kabla ya hao wawili, wakaingia Randy Savage na Ricky Steamboat kugombea mkanda wa Intercontinental, ubingwa wa ngazi ya pili wa kampuni hiyo. Chuki yao ilikuwa na miezi kadhaa: Novemba 1986 Savage alimponda Steamboat koo kwa kengele ya ulingoni, na ikatangazwa kwamba jamaa hawezi hata kuzungumza. Walipokutana tena hawakufika hata dakika 15, lakini ndani yake hakuna sekunde iliyolala. Savage alikuwa mtu wa kupanga. Aliandika pambano zima hatua kwa hatua, wakawa wanakaririshana yeye na Steamboat mpaka kila mmoja aliijua zamu yake na ya mwenzake. Aliyebanwa mabega chini mpaka refa ahesabu tatu ndiye aliyeshindwa; ukitazama utaona refa anapiga mbili, mbili na nusu, bega linanyanyuka, na uwanja mzima unashusha pumzi. Mwishoni Savage anaitaka tena ile kengele. George Steele anamsukuma kutoka juu ya kamba. Savage anainuka, anambeba Steamboat ili ambwage, na Steamboat akiwa bado mikononi mwake anamkunja kama furushi. Moja, mbili, tatu. Ile kengele iliyoanzisha ugomvi ndiyo iliyomponza mwenyewe.

Sasa upande wa wenzako. Hogan na André ukiwatazama kwa kuhesabu miondoko utachoka mapema, kwa sababu André hakuwa na mwili wa kumruhusu kukimbia. Alikuwa na miaka 40, alikwishafanyiwa upasuaji wa mgongo, na ndani ya vazi lake alifunga mkanda wa kumshikilia. Maradhi ya homoni yaliyompa ule ukubwa ndiyo yaliyokuwa yakimmaliza. Hadithi kwamba hajawahi kunyanyuliwa ilikuwa ya kuuzia tiketi tu. Hogan huyohuyo alimnyanyua Shea Stadium mwaka 1980. Lakini mtu aliyetangazwa kuwa na uzito wa ratili 520, kama kilo 236, hanyanyuliwi asipotaka. André alikubali kubwagwa na mgongo ule mbovu, mbele ya umati ule, ili Hogan awe mkubwa kuliko yeye. Mimi kila nikiitazama ile picha, macho yangu huenda kwa aliye juu ya mabega.

Mieleka ni maigizo, matokeo yanapangwa chumbani. Mtu mzima unafaidi nini?

Ni kweli matokeo yanapangwa, na sijawahi kumficha mtu hilo. Kuanguka ndiko kusikoigizwa. Tafuta onyesho la SummerSlam la Agosti 3, 1997. Owen Hart anamgeuza Steve Austin kichwa chini miguu juu, anambana katikati ya mapaja, kisha anakaa chini. Ukifanywa sawasawa, mchezo ule humwacha mtu salama, kwa sababu kichwa hubaki juu kidogo ya turubai. Siku ile kichwa cha Austin kilikuwa kimeshuka mno. Shingo ikapokea uzito wote, na kwa muda hakuweza kuviamrisha viungo vyake. Utamwona Owen anazungukazunguka, anawasemesha watazamaji, anamnunulia mwenzake muda. Kisha Austin anajikokota kwa shida, anamviringisha Owen kwa namna dhaifu kuliko zote ulizowahi kuona, na Owen anatulia ahesabiwe tatu.

Hilo ndilo ninalofaidi. Watu wawili wanapeana miili yao na kuaminiana. Nilipolielewa, nikaacha kumtazama anayepiga, nikaanza kumtazama anayepigwa, na mieleka yote ikawa mpya kwangu.

Nataka kumwonyesha mke wangu pambano moja tu. Hajawahi kuangalia mieleka na haipendi. Nimwekee lipi?

Bret Hart na Steve Austin, WrestleMania 13, Machi 23, 1997, karibu na Chicago. Usimweleze chochote zaidi ya hiki: Bret ndiye stelingi, Austin ndiye adui, na atakayesalimu amri ndiye aliyeshindwa. Halafu nyamaza.

Mwanzoni wanapigana mpaka katikati ya watazamaji. Bret anaushughulikia mguu wa Austin kwa utulivu, kama fundi aliyefungua injini na hana haraka nayo. Hapo ndipo mambo yanaanza kugeuka. Austin anachechemea na bado anarusha ngumi. Anapasuka kwenye paji la uso. Anamkaba Bret kwa waya wa umeme, Bret anampiga kwa kengele. Kisha Bret anamfunga ule mbano wake wa miguu, Sharpshooter, anaketi mgongoni na kumkunja kwa nyuma.

Mwambie mkeo atazame uso wa Austin tu. Damu inateremka mpaka kwenye meno. Mikono imekamata turubai. Kuna wakati anajisukuma juu kwa nguvu zote, mbano unalegea, uwanja unalipuka, halafu unarudi palepale. Hasalimu amri. Anazimia. Ken Shamrock, aliyekuwa mwamuzi, anasimamisha pambano, na kwenye vitabu Bret ndiye mshindi. Lakini Bret anaendelea kumpiga mtu asiyejitambua mpaka Shamrock anamtoa kwa nguvu, na watu wanamzomea. Austin anazinduka, anakataa kushikwa mkono, anaondoka peke yake kwa miguu yake mwenyewe huku jina lake likiimbwa.

Stelingi aliingia kwa shangwe akatoka kwa zomeazomea, na adui kinyume chake, ndani ya dakika ishirini na kidogo, bila hata mmoja wao kutoa hotuba. Sijui pambano lingine lililofanya hivyo kwa usafi ule. Asipoguswa na hilo, mwache tu, mieleka si yake.

Montreal 1997: Bret alidhulumiwa, au alikuwa mkaidi?

Vyote viwili, ila havilingani uzito.

Kwa wasiojua: Novemba 9, 1997, onyesho la Survivor Series, ukumbi wa Molson Centre. Bret alikuwa bingwa wa WWF na tayari ameshakubaliana na WCW, kampuni pinzani. Hakutaka kupoteza mkanda kwa Shawn Michaels mbele ya Wakanada wenzake. Akakubaliwa kwamba pambano litavurugika bila mshindi. Ndani ya ulingo Shawn akamfunga Bret mbano wa Bret mwenyewe, na Vince McMahon, aliyesimama pembeni, akaamuru kengele ipigwe. Bret hakuwa amesalimu amri. Refa Earl Hebner akatoweka mbio. Bret akamtemea McMahon mate usoni, akachora herufi WCW hewani kwa kidole, na baadaye chumbani akamchapa ngumi.

Desturi ya mchezo inasema bingwa anayehama anaacha mkanda, na anaacha kwa kushindwa. Hapo namlaumu Bret. Montreal ilikuwa mji kama miji mingine. Hofu ya McMahon nayo haikuwa ya kubuni. Miaka miwili nyuma bingwa wake wa wanawake, Alundra Blayze, alikwenda na mkanda wake kwenye kipindi cha WCW na kuutupa kwenye pipa la taka.

Lakini rudia ile picha. Bret amelala, na miguu yake ameitoa mwenyewe ishikwe, kwa sababu ndivyo walivyokubaliana. Kumdhulumu mtu aliyekukabidhi miguu yake ni kosa la aina nyingine kabisa, na kwangu biashara haiwezi kulihalalisha. Januari 2010 Bret na Shawn walipeana mikono mbele ya watu ulingoni. Niliitazama mara tatu mfululizo, na nafsi yangu ilitulia kuliko nilivyotarajia.

Je, Mick Foley kutupwa kutoka juu ya kizimba ndilo pambano bora kuliko yote?

Hapana. Ndilo tendo la ushujaa kuliko yote, na naomba asiwepo wa kulirudia.

Juni 28, 1998, Pittsburgh. The Undertaker alimtupa Foley, akiitwa Mankind wakati huo, kutoka juu ya kizimba cha wavu wa chuma kinachofunika ulingo, urefu wa karibu mita 5, akaivunja meza ya watangazaji. Hilo walilipanga. Wengi wanalisahau la pili: Foley alitoka kwenye machela, akapanda tena, na safari hii wavu wa paa ukaachia. Hilo hakulitarajia. Akaangukia mgongo ndani ya ulingo, kiti cha chuma kikamfuata na kumpiga usoni, jino likapanda mpaka puani. Undertaker mwenyewe alikuwa na mguu uliovunjika. Ukitaka pambano bora la kizimba kile, tafuta la kwanza kabisa, Undertaker na Shawn Michaels, Oktoba 1997.

Ric Flair au Hogan?

Flair, wala sihitaji muda wa kufikiri. Hogan alikuwa nyota. Flair alimfanya kila aliyesimama mbele yake aonekane nyota. Tazama mapambano yake matatu na Steamboat mwaka 1989: Chicago mwezi Februari, New Orleans Aprili, Nashville Mei. Lile la New Orleans, la kushinda mara mbili kati ya tatu, lilikaribia saa nzima. Sikiliza makofi ya kifuani. Kufikia nusu ya pambano ngozi imeiva nyekundu, na bado kila kofi linapokewa kana kwamba ndilo la kwanza.

Kamala, yule mwanamieleka, alikuwa Mganda kweli?

Hapana. Jina lake ni James Harris, mzaliwa wa Mississippi, Marekani. Ule uhusika ulibuniwa Memphis mwaka 1982: miguu peku, mkuki, kinyago, nyota na mwezi vimechorwa kifuani na tumboni, na mtu wa kumwongoza kana kwamba haelewi lugha ya binadamu. Wakamwita jitu la Uganda.

Mimi hilo linaniuma, na sitaki kulipunguza makali kwa kusema zama zilikuwa vile. Lakini mtu mwenyewe namheshimu. Alijua kazi yake, alimtisha kila mtu ukumbini bila kutamka neno. Kisukari kilimkata miguu yote miwili, na alifariki Agosti 2020.

Ukimaliza kuhuzunika, tafuta Agosti 2, 1992, Baltimore. Ron Simmons, mchezaji wa zamani wa mpira wa Kimarekani, aliyepata nafasi kwa jina lake kuchaguliwa kwenye bahati nasibu, alimnyanyua bingwa Vader na kumbwaga, akawa mtu mweusi wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia wa WCW. Hakuna rangi wala mkuki. Tazama jukwaani refa anapofika tatu. Watu wazima wanaruka kama watoto.

Hogan alifariki Julai 2025. Nilimpenda nikiwa mtoto, ila maneno yake ya kibaguzi yaliyovuja 2015 siwezi kuyasahau. Nimlilie?

Usiyasahau, hakuna anayekudai hivyo. WWE walimwondoa kwenye orodha yao ya heshima mwaka ule, wakamrudisha 2018. Wewe hulazimiki kufuata ratiba yao. Lakini mtoto aliyekuwa akirukaruka mbele ya televisheni ulikuwa wewe, na furaha ile ilikuwa yako. Mlilie huyo mtoto ukitaka. Mimi niliangalia tena pambano lake na The Rock, Toronto, Machi 2002, ambapo watu 68,237 waliamua wenyewe kumshangilia aliyeletwa kuwa adui, nikazima, nikakaa kimya.

Rekodi ya The Undertaker WrestleMania ilistahili kuvunjwa?

Ile ya kushinda mara 21 bila kushindwa hata mara moja? Kwa Brock Lesnar, aliyeivunja, hapana. Lesnar tayari alikuwa mkubwa, hakuongezewa kitu. Hata hivyo sikasiriki, kwa sababu Undertaker alikuwa ameshautoa mwili wake zamani. Mwaka 2009, Houston, dhidi ya Shawn Michaels, aliruka juu ya kamba kwenda nje, na aliyepaswa kumdaka hakumdaka vizuri. Akatua kwa kichwa. Akainuka, wakamaliza pambano ambalo kwangu ndilo bora kati ya yote aliyocheza.

Aprili 6, 2014, New Orleans, alijeruhiwa ubongo katikati ya pambano na akaendelea. Refa alipopiga tatu, muziki wa Lesnar ulichelewa kidogo. Tarakimu 21–1 zikawaka kwenye skrini kubwa, kamera ikapita kwenye nyuso, na kila uso ulikuwa umeachama. Undertaker alibaki amelala kitambo, akaketi, akasimama, akaelekea nje polepole. Katikati ya ule ukimya watu walianza kupiga makofi, na waliendelea mpaka alipotoweka.