Tofauti ya orator na rhetor katika Kilatini
Umeuliza kama maneno ya Kilatini orator na rhetor yana maana moja. Hayana. Orator limetokana na kitenzi orare, yaani kunena, kuomba au kutetea, na Warumi walilitumia kwa mtu anayesimama mahakamani au mbele ya Seneti, na hata kwa mjumbe anayetumwa kwa taifa jingine; rhetor, lililokopwa kutoka Kigiriki, kwa kawaida lilimtaja mwalimu wa balagha, yaani ufundi wa kutoa hotuba, na halikuwa na heshima ileile, kwani mwaka 92 kabla ya Kristo maafisa wa Roma walioitwa censores walitoa tamko la kuzikemea shule za walimu waliofundisha balagha kwa Kilatini.

Kati ya majina ya Kilatini ya hatua tano za kuandaa na kutoa hotuba, neno linalopotosha zaidi, kwa maoni yangu, ni elocutio. Ingawa limejengwa juu ya loqui, kusema, halihusu matamshi bali uteuzi wa maneno na mtindo, nalo hufuata inventio, yaani kuzitafuta hoja (kiini chake ni kupata, si kubuni), na dispositio, yaani kuzipanga. Baada ya memoria, ambayo ni kuihifadhi hotuba kichwani, ndipo huja utoaji wenyewe, unaoitwa actio au pronuntiatio. Quintilianus, mwalimu wa balagha wa Kirumi, aliyachukulia majina hayo mawili kuwa ya jambo moja, akaongeza kwamba pronuntiatio linaelekea kutokana na sauti, na actio na ishara za mwili.